Kumi Hadi Moja: Maprofesa wa Bujumbura na Heshima Zao

Wapenda soka wa Bujumbura wakikutana jioni hawakosi kupanga orodha: mshambuliaji bora, kipa bora, refa mbovu kuliko wote. Maprofesa wetu hawapangiwi orodha na mtu. Wanasifiwa siku mbili tu, siku ya kutetea tasnifu na siku ya mazishi, na siku ya mazishi ndiyo hotuba huwa ndefu. Mimi naona huo ni uchoyo, na ninausema mbele ya watu. Basi leo nawapangia, kuanzia kumi kushuka hadi moja, mafanikio ya wasomi wa Chuo Kikuu cha Burundi na majirani zao wa karibu. Orodha haijapita kwenye baraza lolote la chuo. Anayetaka kubishana aje na yake, tena aje na samaki mukeke wa kuchoma, kwa sababu ubishi mrefu hauendi na tumbo tupu.

10. Kufungua chuo kikuu nchi ikiwa bado changa

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Januari 1964 ilikuwa tayari na Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, UOB kwa ufupi. Mtoto wa umri huo kwa kawaida anajifunza kusema "maji". Huyu alifungua vitivo.

Miongoni mwa waliokiongoza ni padri Gabriel Barakana, Mjesuti Mrundi. Mwaka 1952, enzi za Wabelgiji, alikuwa ameandika makala juu ya kuunganisha lugha za Ruanda-Urundi. Mtu aliyethubutu kufikiria kuunganisha Kirundi na Kinyarwanda bila shaka alikuwa na mazoezi ya kutosha ya kupatanisha kikao cha walimu. Mwaka 1973 UOB iliunganishwa na Chuo cha Ualimu na Chuo cha Utawala, nayo ndoa hiyo ya watatu ikazaa Chuo Kikuu cha Burundi tunachokijua. Ndoa za watatu hazidumu, lakini hii imepita miaka 50.

9. Kupanda ngazi

Asistenti, maître-assistant, chargé de cours, profesa mshiriki, profesa kamili. Ukiyasema haraka unamaliza kwa pumzi moja. Ukiyaishi, unaanza na nywele nyeusi na kumaliza bila nywele. Kila kidaraja kinadai makala zilizochapishwa, faili la kurasa nyingi, na wenzako wanaosoma kazi yako wakiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Twende kwenye chumba cha kutetea tasnifu, pale kampasi ya Mutanga. Mbele kuna meza ya majaji yenye chupa za maji na nakala nene zilizojaa vikaratasi vya kuwekea alama. Mtahiniwa amevaa suti aliyoazima kwa shemeji, mikono ni mirefu kidogo. Nyuma kabisa wamekaa akina mama wa ukoo, wamevaa imvutano zao za sherehe, wametoka kijijini kwa basi la alfajiri. Saa mbili nzima Kifaransa kinapita juu ya vichwa vyao na hawasogei. Jaji mmoja anasahihisha nukta kwenye ukurasa wa 214. Mwenyekiti anasimama, anasoma matokeo, na linapotoka neno "grande distinction" hakuna anayesubiri kufasiriwa: vigelegele vinapasua paa. Kwa maoni yangu hao ndio majaji wa mwisho, na hawajawahi kumfelisha mtu.

Ukivuka barabara ukaingia Nyakabiga, kwenye kabare lolote lililo karibu na chuo, kila mteja anaitwa "Prof" kuanzia mshikaki wa pili. Wenye cheo cha kweli wanavumilia. Wanajua wenyewe kilichowagharimu.

8. Philippe Ntahombaye na majina yetu

Mtoto wa nane katika familia ya Kirundi huitwa Minani, kwa hiyo hii namba nane ina jina lake tayari. Namba kumi hapo juu ni Bucumi, tisa ni Nyabenda, na saba inayofuata ni Nyandwi. Mapacha ni Bukuru na Butoyi, wala hakuna mjadala.

Ntahombaye, mwanaisimu, aliona kwamba haya si mambo ya kucheka tu. Mwaka 1983 kitabu chake juu ya majina ya Warundi, Des noms et des hommes, kilitoka Paris kwa wachapishaji Karthala. Anaonyesha kwamba jina la Kirundi mara nyingi ni ujumbe: baba anamjibu jirani mwenye husuda, mama anamshukuru Mungu, familia inakumbuka vifo vilivyotangulia. Mtoto anabeba barua ambayo hakuiandika, na anaitwa kwa barua hiyo maisha yake yote. Ukimsoma Ntahombaye, daftari la mahudhurio la darasa linageuka kuwa historia ya kijiji kizima. Walimu wa shule za msingi wangekuwa na kitabu hiki kila mmoja, wangewaita watoto kwa sauti ya upole zaidi.

7. Wanaoitwa serikalini

Serikali hukopa chuoni kuliko inavyokopa benki, na chaki inabaki mezani ikisubiri. Mwanahistoria Augustin Nsanze, mtafiti wa mashamba ya kifalme ya Mbuye, alikuwa waziri wa mambo ya nje kuanzia 2009 hadi 2011. Sylvie Kinigi, aliyesomea uchumi hapa hapa, akawa waziri mkuu Julai 1993, mwanamke wa kwanza katika nafasi hiyo nchini. Miezi mitatu baadaye Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na mama huyu akabaki kushikilia serikali iliyokuwa haina kichwa. Kuna watu wana shahada tatu na hawajawahi kufanya mtihani kama ule.

Na kutoka Taasisi ya Elimu ya Viungo na Michezo alitoka Pierre Nkurunziza, mwalimu wa michezo aliyekuwa rais kuanzia 2005 hadi kifo chake Juni 2020. Hata akiwa rais aliendelea kuvaa viatu vya mpira.

6. Waliolisoma ziwa na milima

Sisi wa Bujumbura tunaliona Tanganyika kila asubuhi mpaka tumelizoea kama ukuta wa jirani. Lina kina cha mita 1,470 hivi, na samaki wake wengi hawapatikani mahali pengine popote duniani. Profesa Gaspard Ntakimazi, mwanabiolojia wa chuo chetu, alichagua kusoma sehemu ambayo wengi tunaipita tu: ukingo, pale ardhi na maji vinapokutana, kwenye matete na matope, ambako samaki wadogo hukulia. Ukijenga hoteli juu ya matete unajenga juu ya kitalu cha ndagala wa kesho na samaki wengine. Huo ndio ujumbe, na ni ujumbe wa sufuria.

Kabla yake Mbelgiji Jean Lewalle alipanda na kushuka milima ya magharibi, kutoka tambarare ya Imbo hadi kileleni, akapanga mimea ngazi kwa ngazi. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1972 na bado inatajwa. Wengine hupanda ngazi za cheo. Yeye alipanda ngazi za majani.

5. Ngoma kabla ya UNESCO

Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, nasi tukashangilia kama tumefunga bao. Léonidas Ndoricimpa na Claude Guillet, wa Kituo cha Ustaarabu wa Burundi, walikuwa wameandika juu ya ngoma hizo tangu miaka ya 1980, na mwaka 1984 wakatoa L'arbre-mémoire, mkusanyo wa masimulizi ya mdomo. Dunia ilichelewa miaka 30. Watafiti hawakudai faini.

4. Jean-Baptiste Ntahokaja, mwenye wasomaji waliosimama

Nitajieni profesa mwingine ambaye kazi yake inasomwa na nchi nzima kwa pamoja, kwa sauti, watu wakiwa wamesimama wima na kofia mkononi. Padri Ntahokaja, mwanaisimu wa Kirundi, ndiye aliyeongoza kundi lililotunga maneno ya wimbo wa taifa, na Marc Barengayabo akatia muziki. Kila tarehe 1 Julai, kila mechi ya timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, kila asubuhi ya bendera shuleni, anasomwa tena. Maprofesa wengine wanahesabu mara walizotajwa kwenye makala za wenzao. Huyu angehesabu viwanja vya mpira.

Lakini nataka msomaji asimame hapa kidogo. Mtu huyo huyo alikaa akaandika sarufi ya Kirundi, kazi ya miaka, kazi isiyo na shangwe, ya kupanga viambishi na toni. Wimbo unajulikana na kila mtoto. Sarufi inajulikana na wachache. Ningempa namba nne kwa sarufi peke yake, na wimbo ukawa zawadi ya juu. Lugha ambayo mama anaiongea jikoni inastahili kuandikiwa kanuni zake na mwana wa nyumbani, si kungoja mmisionari au mgeni wa chuo cha mbali aje kutuambia tunavyosema.

3. Wanahistoria wa 1977, 1983 na 1987

Hapa nitakaa, na asiye na muda aruke.

Kabla ya kizazi hiki, historia ya Burundi iliandikwa zaidi na maofisa wa kikoloni na wamisionari, na nyingi ilikuwa historia ya warefu na wafupi, ya pua na paji la uso. Miaka ya 1964 hadi 1968 Mfaransa kijana, Jean-Pierre Chrétien, alikuwa akifundisha Chuo cha Ualimu hapa Bujumbura. Alirudi kwao, lakini Burundi haikumtoka tena. Ameiandikia vitabu maisha yake yote, na mwaka 2000 akatoa historia ya miaka elfu mbili ya Maziwa Makuu. Kuna watu wanakuja Bujumbura kwa miaka minne wakaondoka na kikapu na kinyago. Yeye aliondoka na kazi ya maisha.

Mrundi wa kwanza ninayemtaja katika namba hii ni Émile Mworoha. Mwaka 1977 kitabu chake juu ya watu na wafalme wa Afrika ya maziwa kilitoka. Mfalme wa Burundi hakuonekana tena peke yake kama kisiwa. Aliwekwa pamoja na majirani zake wa Rwanda, Buha, Karagwe na Buganda, akawa mfalme miongoni mwa wafalme. Kuanzia 1982 hadi 1987 Mworoha alikuwa spika wa Bunge, na mwaka huo huo wa 1987 ikatoka historia ya Burundi, kutoka asili hadi mwisho wa karne ya 19, iliyoandikwa chini ya uongozi wake. Spika wengi huacha nyuma nyundo ya mezani. Huyu aliacha nyuma kitabu cha kiada.

Joseph Gahama akachukua zamu iliyofuata, ile ya Wabelgiji. Kitabu chake juu ya Burundi chini ya utawala wa Ubelgiji, miaka ya 1919 hadi 1939, kilitoka Karthala mwaka 1983, mwaka ule ule wa majina ya Ntahombaye. Mavuno ya 1983 yalikuwa mazuri! Gahama anaonyesha jinsi utawala ulivyopunguza machifu, ukaondoa Wahutu waliokuwa na madaraka, ukapanga upya nchi kwa picha iliyokuwa kichwani mwa wazungu. Ni kitabu cha kumbukumbu za ofisi, tarehe na orodha, lakini nimeona wazee wakikisoma na kugonga meza: "Ndiyo, ndiyo, babu alikuwa akisema hivi hivi."

Na hapo ndipo ufundi wa kizazi hiki ulipo. Walikwenda kwenye nyaraka, halafu wakapanda vilimani na kukaa na wazee, wakiwa na daftari na kinasa sauti, wakauliza nani alimpa nani shamba, nani alikuwa mtunza ngoma, nani alikuwa mganga wa mfalme. Mzee wa kilimani hakupewa cheti cha maître-assistant, lakini yeye pia alikuwa mwandishi wa vitabu hivyo. Ningekuwa na uwezo ningempa joho.

Kilichobaki kunikera, nami nakisema kwa sababu nawapenda: vitabu hivi viko kwa Kifaransa, vingi vilichapishwa Paris au Dakar, na mwanafunzi wa Buyenzi anayezungumza Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku hawezi kumsoma Mworoha kwa lugha ya mtaa wake. Kiswahili kilishaingia katika shule zetu za msingi. Tumekuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, mnasikia? Mworoha na Gahama ni majirani zenu, na jirani husomwa.

2. Wasiofika

Hapa utani unakaa chini.

Mwaka 1972 Wahutu waliosoma walisakwa nchi nzima. Walimu na wanafunzi wa chuo chetu walichukuliwa, wengine wakitajwa majina mbele ya wenzao, wasirudi. Padri Michel Kayoya, mwandishi na mshairi aliyezaliwa 1934, aliuawa Mei mwaka huo. Tarehe 21 Oktoba 1993, siku Ndadaye alipouawa, wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba walichomwa moto. Juni 1995 wanafunzi Wahutu walishambuliwa ndani ya kampasi ya Mutanga, wakafa mabwenini; miongoni mwa waliokimbia mwaka huo ni yule mwalimu wa michezo niliyemtaja, na mwanafunzi wa sheria aliyeitwa Évariste Ndayishimiye, ambaye leo ni rais. Tarehe 30 Aprili 1997 katika seminari ndogo ya Buta vijana 40 waliuawa, baada ya kukataa kutengana Wahutu upande huu na Watutsi upande ule.

Wale wa Buta leo wangekuwa na umri wa kuongoza vitivo. Wale wa 1972 wangekuwa wastaafu, wameketi barazani, wakilalamikia pensheni na kusahihisha Kifaransa cha wajukuu. Tunapohesabu maprofesa wa nchi hii tuwahesabu na wao, kwa sababu makala zao hazikuandikwa na hakuna mtu mwingine wa kuziandika.

1. Kustaafu

Sasa mnajua kwa nini nimeipa namba moja.

Mahali pengine kustaafu ni keki, hotuba na saa ya ukutani. Bujumbura, mtu aliyeanza kama asistenti zamani zile, akapita mauaji ya 1972, 1988 na 1993, miaka ya vita, migomo, mishahara iliyochelewa, usiku wa amri ya kutotoka nje, akaendelea kuingia darasani saa moja na nusu asubuhi na kuandika ubaoni "Sura ya Kwanza", mpaka siku moja barua ya kustaafu ikamkuta angali hai na angali na akili zake: huyo ameshinda kombe ambalo hakuna kabati la chuo linaloweza kulibeba. Mpeni vigelegele vya akina mama wa namba tisa.

Halafu angalieni anachofanya Jumatatu inayofuata. Wastaafu wetu hawajui kustaafu! Unamuaga profesa Ijumaa kwa machozi na Fanta, na wiki ijayo unamkuta katika chuo binafsi, chaki mkononi, anawaambia vijana wapya maneno yale yale: "Hamsomi." Tangu vyuo binafsi vilipoanza kuongezeka mwishoni mwa miaka ya 1990, wengi wamepata darasa la pili, na vijana wamepata bahati ambayo huenda hawaijui bado.

Wengine maua yao huchanua jioni. Juvénal Ngorwanubusa, mwalimu wa fasihi, alitoa mwaka 1993 kitabu juu ya Boubou Hama na Amadou Hampâté Bâ. Wasomaji wake walingoja. Mwaka 2012 ikaja riwaya, Les années avalanche, na mwaka 2013 kitabu kikubwa juu ya fasihi ya Kifaransa nchini Burundi. Wanaosema kalamu ya mwalimu hukauka pamoja na mshahara wamepata jibu lao, tena la kurasa mamia.

Padri Adrien Ntabona, profesa na mhariri wa miaka mingi wa jarida Au Cœur de l'Afrique, ameandika sana juu ya bashingantahe, wale wazee wanaosimikwa mbele ya kijiji kizima kupatanisha na kusema kweli. Nimejifunza kwake kwamba mushingantahe hapewi tarehe ya kumaliza kazi. Akishasimikwa, watu wanaendelea kumjia mlangoni mpaka mwisho. Profesa mstaafu wa Bujumbura ni mushingantahe wa vitabu, na sisi ndio tunaokosea tunapopita mbele ya lango lake bila kubisha hodi.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila aliyesoma katika kampasi za Mutanga, Kiriri, Kamenge au Zege: wewe una mwalimu aliyekufundisha ambaye amestaafu na hujamwona siku nyingi. Mtafute mwezi huu. Usimpelekee keki. Mpelekee kitabu kipya kimoja cha fani yake, chukua simu yako, umwombe ruhusa, umrekodi akieleza alivyofanya utafiti wake wa kwanza, kilima gani alipanda, mzee gani alimfungulia mlango. Ukimaliza, peleka nakala maktaba ya chuo, na moja uwaachie wanawe.